Joka la Futi Kumi kwa Kumi

Jumatatu, 5 Mei
Nimetoka kufua nguo za watu Nyayo Highrise, mgongo umekataa kunyooka. Nimebandika wali, natafuta kifuniko cha sufuria. Hakuna. Kiko sakafuni. Kimekuwa joka. Mutua, ndugu yangu mdogo, na marafiki wake wawili wanatupa dadu wakijifanya mashujaa wa kupigana nalo. Wamechora viboksi kwa karatasi, kila kimoja eti ni futi tano. Nimechukua kifuniko changu.

Jumanne, 6 Mei
Jioni nzima wanabishana joka ni kubwa namna gani. Mutua anasema sheria za mchezo zinasema ni viboksi vinne, futi kumi kwa kumi.
"Hiyo si ni hii nyumba yangu yote?"
Wakacheka. "Na hako bado ni katoto, siz. Mama yake anakalia ploti nzima!"
Siwapendi. Mwende, binti yangu, alikuwa anasikiliza. Miaka minne, hakuna kitu kinampita.

Alhamisi, 8 Mei
Mwende amekataa kuingia ndani. Analia mlangoni, majirani wanatoa vichwa. Anasema joka ni kubwa kama nyumba, likiingia sisi tutakaa wapi? Nikamwonyesha. Hapa kitanda. Hapa jiko. Hapa mitungi ya maji. Hapa godoro la Anko Mutua. Nyumba imejaa, joka halina pa kukaa. Akaangalia kila kona, ndio akaingia.
Nikamwambia Mutua apunguze joka lake, liwe kama mbuzi.
"Siz, sheria ni sheria."
Sheria. Kwa nyumba yangu.

Jumamosi, 10 Mei
Leo wako wanne. Kifuniko katikati. Mutua amesimama amepanua mikono, ndiyo mabawa, ananguruma, wenzake wanapiga nduru. Mwende yuko chini ya kitanda. Amejikojolea.
Sijui nilisema nini na nini. Karatasi nimeichana. Dadu nimezitupa kwa mtaro.
"Unanifukuza juu ya mchezo?"
Juu ya mtoto wangu. Mutua akakunja godoro lake, akaenda kwa rafiki yake huko Gatina. Aende. Simwombi msamaha.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikuimba. Nimefua, nimefagia pale godoro lilikuwa. Sikujua pale ni pakubwa hivyo.
Mwende amesimama mlangoni, haingii. Anaangalia hiyo nafasi.
"Mama, sasa joka litatoshea?"
Mimi mwenyewe ndiye nilimwonyesha godoro la Anko.
Nikatandika leso pale pale, nikalala chali, nikapanua mikono na miguu nipajaze. Akanipima na macho, mpaka ukutani. Akaingia. Akapanda kitandani.
Bado nina hasira na Mutua. Nimemtumia ujumbe: rudisha godoro. Sijaandika kwamba arudi nalo. Ataelewa, ama asielewe.
Naandikia hapa chini. Simiti ni baridi. Mwende amelala. Sijasonga.