Karatasi Chini ya Boksi la Chaki

Nekesa,

Ni mimi niliyekuandika.

Sijawahi kumwambia mtu. Si mama, si mchungaji, si wasichana niliolala nao bweni moja miaka minne. Nakuambia wewe, uliyestahili kujua kabla ya wote, na najua nimechelewa. Huwezi tena kunifunga mdomo kwa ugali moto kama ulivyoapa.

Unakumbuka tulipokuwa darasa la sita, Mwalimu Simiyu aliposema amechoka na monita wanaohongwa mandazi? Alisema kuanzia siku hiyo kutakuwa na monita wa siri. Mmoja wetu angeandika majina ya wapiga kelele wiki nzima, na Ijumaa asubuhi karatasi ikutwe chini ya boksi la chaki. Yeye angeisoma gwarideni, mbele ya shule nzima, bila kuifungua kwanza. Hilo alijivunia sana. "Nasoma kama nilivyopewa. Kwangu hakuna mtoto wa mjomba." Tulipotoka nje kila mtu alikuwa anamtafuta huyo monita. Wewe ulimshuku Kipruto, ati kwa sababu macho yake hayatulii. Hakuna aliyenishuku mimi. Nani angemshuku Wambui, ambaye hata akiulizwa jina lake hunong'ona?

Ndiyo maana alinichagua. Aliniita ofisini akanipa penseli mpya. "Wewe uko kimya, kwa hivyo unasikia," alisema. "Na ukumbuke, karatasi tupu ni ya mwongo." Nilielewa. Wiki ikipita bila jina, jina litakuwa langu.

Ile wiki ya Julai hakuna aliyepiga kelele. Mtihani ulikuwa karibu, baridi ya Kitale ilikuwa imetukunja wote, hata Kipruto alinyamaza. Ikafika Alhamisi na karatasi yangu haina kitu. Kisha, kipindi cha kusoma kimya, uliguna. Ulikuwa umelaza kichwa juu ya dawati, umeshika magoti kwa mikono yote miwili, na sauti ikakutoka kama ya ndama. Mifupa ilikuwa inakuuma, kama ilivyokuuma kila baridi ilipozidi. Ulikuwa umeniambia ni ugonjwa wa damu, na ukaniomba nisiseme, kwa sababu shangazi yako hakutaka watu wavumishe kwamba umerogwa. Katika darasa lile lote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ile haikuwa kelele. Nikakuandika. Nilijiambia, atang'oa nyasi kidogo, nitamsaidia. Nilijiambia, huyu ni rafiki yangu, huyu atanisamehe.

Alisoma jina moja tu Ijumaa hiyo. "Rose Nekesa, pita mbele."

Hakukupa nyasi. Alikupa kile kisiki cha mkalitusi nyuma ya vyoo, na jembe, na mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Ulivua sweta lisiingie matope, maana shangazi angekuchapa, ukanipa nikushikie. Nilisimama chini ya paa nimelishika. Lilikuwa bado na joto lako. Wewe ulichimba huku unaniongelesha. "Wambui, si unisaidie kumtafuta huyu mtu? Nikimpata nitamshindilia ugali moto mdomoni, aseme mmm kama ng'ombe." Ukacheka. Na mimi nikacheka. Nekesa, nilicheka.

Jumatatu hukuja. Shangazi alikuwa amekupeleka Bungoma kwa bibi yako, yule kukhu. Alhamisi tukaitwa gwarideni tukaambiwa, na aliyetuongoza kuomba ni yeye, Simiyu. Alisema Mungu amechuma ua katika bustani yake. Nilifungua macho katikati ya maombi nikamtazama. Alikuwa amefumba yake vizuri, kama mtu asiye na deni. Tangu siku ile nimekuwa nikimtazama.

Sasa nikupe habari za juzi, kwa sababu hizo ndizo zilizonifanya nikae chini niandike.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu masomo ya bure yaje, shule yetu imejaa hadi watoto wanakaa watano kwa dawati, na walimu hawatoshi. Mwalimu mkuu wa sasa ni mama mmoja tunayesali naye. Alimwomba mama yangu anitoe nisaidie darasa la sita wakati nangojea kujua nitaenda chuo gani. Nilikubali kabla mama hajamaliza kunieleza. Alidhani napenda watoto. Nawapenda, lakini si wao niliowaendea.

Simiyu siku hizi ni naibu. Ameota mvi na tumbo. Darasa la sita bado anawafundisha hesabu, na bado anasoma karatasi kila Ijumaa, siku hizi hata za madarasa mengine. Kisiki chako pia kipo. Hakuna mtoto aliyewahi kukimaliza, na sasa kimechipuka miti mitatu mirefu kuliko paa la vyoo.

Jumatatu, baada ya bendera, alinisimamisha kando. Alikuwa anatabasamu. "Wambui. Ulikuwa macho yangu, unajua? Tangu wewe sijapata mwingine kama wewe." Kisha akaniambia monita wa siri wa darasa langu amehama, kwa hivyo nimchagulie mtoto mwingine, mkimya kama nilivyokuwa. Karatasi iwe mahali pake Ijumaa. Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilikuwa nimeomba kwa miaka saba nipate njia, na yeye mwenyewe alikuwa amenipa mkononi.

Nikaingia darasani. Watoto tisini na wawili, Nekesa. Niliwapa insha, "Siku nisiyoisahau", nikaieleza nikiwa nimeugeukia ubao kwa aibu. Kijana mmoja wa dawati la mbele, Kevo, akauliza, "Mwalimu, ati unafundisha sisi ama unafundisha ubao?" Darasa lote likaanguka kicheko. Ungempenda. Mtoto wa kuandika sikumchagua. Jioni nilikunjua karatasi nikaandika mwenyewe: Jumatatu, Rose Nekesa.

Jumanne tulipanda maharagwe ndani ya mikebe, mingine tukaitia pamba na maji, mingine udongo mkavu, ili waone mbegu inataka nini. Waligombania maji hadi sakafu ikawa kama soko la Moi's Bridge siku ya mvua. Kelele zilikuwa za kutosha kujaza karatasi kumi. Niliandika: Jumanne, Rose Nekesa.

Jumatano alikuja yeye kwa hesabu. Nilikaa nyuma kusahihisha insha. Aliuliza eneo la mstatili, msichana mmoja akakosea, na Simiyu akamwambia, "Wewe hata ng'ombe wa baba yako anakushinda." Watoto wakacheka kwa sababu wanajua wasipocheka zamu itawafikia. Alipotoka niliwapeleka nje na kamba, tukapima uwanja wa mpira, upande kwa upande, tukazidisha pamoja. Yule msichana ndiye aliyepata jibu kwanza. Nilitaka kufurahi. Lakini jioni niliinama tena juu ya karatasi yangu, na nikiri, kuandika jina lako ndicho kitu pekee nilichofurahia siku hiyo.

Alhamisi ilikuwa michezo na usafi. Wasichana wawili waliponiuliza kwa nini tunafagia kuzunguka kisiki na hatukitoi, nilisema ni cha naibu. Baada ya kengele nilibaki peke yangu. Nilijiuliza kama nitaweza. Nilikuwa naona uso wake ukiwaka, naona mwalimu mkuu akinifukuza, naona mama akiaibika kanisani. Kisha nikakumbuka sweta. Niliandika majina mawili yaliyobaki, la Alhamisi na la Ijumaa ambayo haikuwa imefika, nikaikunja karatasi mara nne kama Simiyu alivyonifundisha.

Ijumaa.

Wazazi wachache walikuwepo, walikuja kuulizia mambo ya mtihani, wakasimama kando ya bendera. Simiyu alifurahi kupata watazamaji. Akasoma za darasa la nne, la tano. Akafungua yangu.

"Jumatatu, Rose Nekesa." Akangoja. Hakuna aliyetoka. "Jumanne, Rose Nekesa." Akainua sauti. "Jumatano, huyo huyo. Alhamisi, huyo huyo. Hata leo, Ijumaa! Mara tano wiki moja! Huyu mtoto ni wa aina gani? Rose Nekesa, pita mbele!"

Watoto wa darasa la sita walianza kutazamana. Mmoja akasema, "Hayuko, Mwalimu." Kevo akasema, "Mwalimu, si darasa letu huyo." Wengine wakaanza kucheka, naye akadhani wanamficha. Akaita tena, na tena, kwa nguvu zaidi, hadi wale wazazi wakageuza shingo kumtafuta huyo mtoto mtundu. Alikuita mara tatu, Nekesa. Sijui kama ulimsikia. Ulipokuwa hai ulimjia kwa wito mmoja.

Ndipo Mwalimu Agneta, yule wa darasa la kwanza aliyetufundisha kushika penseli, akasema kutoka mstari wa walimu, bila kupaza sauti: "Simiyu. Huyo mtoto alikufa. Si ni yule uliyempa kisiki?"

Nilitamani uone. Hata wadogo wa chekechea walinyamaza, nao hawanyamazi. Simiyu akaitazama karatasi kama imeandikwa kwa lugha nyingine. Akajaribu kuikunja, vidole vikakataa, akaitia mfukoni ikiwa wazi. Mwalimu mkuu akauliza, "Kisiki gani?" na Agneta akanyoosha kidole upande wa vyoo, na shule nzima ikageuka, watoto mia saba na wale wazazi wachache, wakatazama ile miti mitatu. Simiyu peke yake hakugeuka.

Nilidhani moyo wangu utashiba hapo. Ulishiba, kwa muda wa kama nusu saa.

Wakati wa mapumziko alikuja darasani. Nilikuwa nafuta ubao. "Huu ni mchezo gani, Wambui?" Kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama machoni na sauti yangu haikukwama. "Si ulisema karatasi tupu ni ya mwongo, Mwalimu?"

Akasema, polepole, "Mimi nilisoma. Aliyemwandika ni wewe. Mara zote mbili." Akatoka.

Nilisimama na kifutio mkononi hadi kengele ikalia. Alitaka kunivunja, na nakiri alinivunja, lakini usidhani nilimhurumia. Alichosema ni kweli na bado namchukia. Mwalimu mkuu ameamuru karatasi zisisomwe tena na kisiki kitolewe na watu wazima. Wengine wanaona ameadhibiwa vya kutosha. Mimi sioni. Lakini hili niliona mwenyewe: kipindi cha mwisho alihitaji chaki. Aliliinua boksi kwa kidole kimoja, kwa upande, kama mtu anayeinua jiwe ambapo nyoka ameonekana. Hapakuwa na kitu. Hata hivyo alichungulia tena kabla ya kuchukua chaki.

Jana nilikuja kwenu. Matatu ilipopita Webuye niliziba pua kama tulivyofanya darasa letu lilipoletwa kwa ziara, uliposema mji mzima umekula maharagwe. Hapakuwa na harufu, Nekesa. Kiwanda cha karatasi kimefungwa. Nilibaki nimejiziba pua bure, nikilia, na abiria mmoja aliyekaa kando yangu akadhani nataka kutapika.

Kukhu wako amekuwa mdogo sana. Alinipa chai na viazi vitamu, akanishika uso kwa mikono miwili. Nilimpa sweta lako. Ndiyo, nimekaa nalo miaka yote hii, nililificha chini ya vitabu. Alilinusa, akalikunja juu ya mapaja yake. "Asante kwa kumtunzia," akasema. "Alikuwa anasema wewe ndiye ulikuwa unamjali. Wale wengine walikuwa wanamsema tu." Nilifungua mdomo kumwambia. Ulikuwa wazi, maneno yalikuwa hapo, na nikaomba chai zaidi.

Kaburi lako lina nyasi fupi, kukhu anazikata mwenyewe. Nilikaa hapo bila kusema chochote, kama kawaida yangu.

Nakuaga sasa. Lala, rafiki yangu, mifupa yako isiumwe tena na baridi. Na nakuahidi hivi. Kila Ijumaa nitakayokuwa katika shule ile, kutakuwa na karatasi chini ya boksi la chaki. Hakuna atakayeisoma gwarideni, ni ya Simiyu peke yake aikute. Itakuwa na majina mawili, lake na langu, hadi astaafu au hadi mimi niondoke. Hataandikwa mtoto tena.

Na nakuomba kitu kimoja, ingawa sistahili. Kukhu amezeeka, na siku moja atakufikia huko uliko. Atakuuliza habari zangu. Mwambie sweta lilifika salama. Lakini juu ya nani aliyeandika, nyamaza. Najua kunyamaza hakukuwa kazi yako, kulikuwa kazi yangu. Hili moja tu, Nekesa, ninyamazie.

Wambui