Mkono wa Mama Dirishani

Mdogo wangu Rénovat,

Mama tulimpoteza Mei 2024, usiku ule mbingu ya kusini ilipowaka rangi hadi hapa Merrylands. Uliniambia pumu ilimbana huko nyumbani Hobart, wewe ukiwa duka la dawa. Mimi nilikuwa bandarini Port Botany na lori langu, nikakuamini.

Huku tu wazima. Mvua haikatiki. Picha uliyotuma kutoka Hobart kwa ajili ya kuondoa matanga imefika: nyumba yetu ya huko, na juu yake mianga ya usiku ule. Fremu nzuri. Nimeitundika sebuleni.

Binti yangu Diane ndiye aliyeisogelea akauliza, "Mama, huyu dirishani si bibi?"

Ni yeye, taa nyuma yake, kiganja kimebanwa kwenye kioo. Nyuma ya picha umejisifu kwamba kamera ilikaa wazi sekunde kumi ili kunasa mianga. Kiganja hakikufifia; basi kwa sekunde kumi mama hakuondoa mkono, nawe ulikuwa uani, umemwelekea.

Ulimwona, au hukumwona? Nijibu kabla ya Jumapili saa sita mchana. Saa saba wageni wa matanga wanaingia, nami nitawaonyesha pa kutazama pichani.

Dada yako,
Spéciose