Nguzo ya Sita

Mbinga Mjini,
13 Agosti 1995

Kwa mke wangu mdogo, mjukuu wangu Flavia,

Shikamoo yako ya kwenye barua ya Pasaka niliiitikia kwa sauti hata mbuzi wakageuka: marahaba. Dar es Salaam na joto lake vinakutendeaje? Mimi babu yako nipo, meno mawili yaliyobaki hayajagombana. Bali mke mwenzio mkubwa, bibi yako Hildegardi, si mzima.

Unakumbuka ramani ya duka uliyotuchorea ulipokuwa chuoni? Mimi wa darasa la nne nilikucheka. Nilisema duka ni kuta nne na kufuli. Wewe ukasema jengo la biashara lianze kumfikiria anayepita kwa miguu. Ukataka baraza la futi nane lenye paa, nguzo saba, sakafu isiyo na ngazi hata moja. Nikasema unawajengea wavivu, ila nikajenga ulivyochora. Kumbe ulimjengea bibi yako, macho yake yalipoanza kuzima. Alikuwa akitoka mlangoni, anagusa nguzo moja moja akihesabu, ya saba inamfikisha njia ya kanisani. Wanawake wa sokoni walimtania kwamba anakagua majengo kama bwana afya. Akawajibu kwamba bwana afya hana kiuno kama chake.

Mwezi Juni alianguka mtaroni, akavunjika mguu. Mfupa umeunga, daktari anasema asimame. Hataki. Anasema mguu si kitu, ni akili zilizomruka: alihesabu hadi tano, mkono ukakuta ukuta mahali pasipo na ukuta, akazunguka, akatumbukia. Anasema aliyepotea mlangoni kwake amekwisha. Vitenge vyake ameshaanza kuvigawa. Jana aliniuliza yeye ni nani kwangu, kunipima kama bado namhesabu kuwa mtu mwenye akili zake. Nilitoka nje nikalia kama mtoto aliyenyimwa uji.

Flavia, hakupotea.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipofunguliwa milango, mmoja alitaka ofisi kwangu, na fremu zote za duka zilikuwa na wapangaji. Bibi yako alikuwa Mbamba Bay kwa dada yake Ida. Nikamwita fundi Pankras azibe baraza kuanzia nguzo ya tano hadi ya saba, iwe chumba. Pankras aliniuliza watu watapita wapi. Nikamjibu wana miguu, washuke barabarani. Bibi yako aliporudi nilikuwa kilabuni, nikasema nitamwambia kesho. Asubuhi akaenda misa kabla sijaamka. Na alipoanguka nikamwambia alihesabu vibaya, akaingia kwenye jengo la jirani. Pankras nilimfunga mdomo.

Leo ukuta tumeubomoa, mnunuzi akanitukana kwa Kiingereza. Ningeweza kunyamaza, nguzo zimerudi saba. Lakini yeye haziamini tena, wala hajiamini, na aliyemwibia hilo ni mimi.

Kwa hiyo barua hii nitamsomea kitandani kabla ya kuipeleka posta, pamoja na utani wangu wote. Ukiipata, jua ameisikia. Akinisamehe ataweka dole gumba hapa chini. Pakiwa patupu, usiniandikie mimi. Njoo umshike mkono, umhesabishe nguzo wewe mwenyewe.

Wasalimu wote wa nyumbani kwako, na Mungu akutunze kuliko nilivyomtunza huyu.

Mimi mume wako mkorofi,
Kilian

Mahali pa dole gumba la Hildegardi: