Krismasi Uliyomrudishia Babu Mkanda

Mpendwa Baba Mdogo,

Juzi wanangu waliniwekea filamu ya Krismasi. Baba mmoja anaamka kila asubuhi na kukuta sikukuu ni ileile: wageni walewale, chakula kilekile kinaungua. Haikuchukua muda nikawaeleza itakavyokwisha. Wakasema mama umeshaiona. Nikawajibu hii sijaiona, ila ndugu yake niliiona Tunduma kwenye banda lako la video, na ile ilikuwa tamu zaidi kwa sababu ulitafsiri wewe.

Tena kutafsiri ni heshima tu ninakupa. Ulikuwa unatunga. Ukishika kipaza sauti, Mzungu yeyote kwenye runinga alikuwa mtu wa kwetu. Yule baba ulimwita Mzee Sikukuu. Theluji ukasema ni baridi ya Ileje, imezidi kidogo. Mama mkwe wake ukadai ametoka Itaka na gunia la maharage, na sote tulikuwa tunaona ameshika mkoba mdogo wa ngozi. Hakuna aliyekubishia.

Ugonjwa wako ulikuwa mmoja, kurudisha mkanda. Mtu mzima akiingia filamu ikiwa katikati, huna amani mpaka umrudishie nyuma aone alichokosa. Waliokuwa wamewahi walinung'unika weee, wakazoea. Wengine wakawa wanachelewa makusudi wapate kuona utamu mara mbili. Kwa hiyo banda zima lilijua: picha ikirudi nyuma, geuka mlangoni, kuna mkubwa kaingia.

Na mkubwa ambaye hakuwahi kuingia alikuwa Babu, baba yako mzazi. Mzee wa kanisa kule Ileje, mwanawe kaacha ualimu akaenda kuonyesha watu filamu za mateke mpakani. Kwake hiyo ilikuwa aibu ya ukoo. Miaka yote hakulitaja jina lako, alisema "yule wa Tunduma". Mwaka huo alikuja kula Krismasi kwetu Tunduma, kwa kaka yako. Ulipokuja mkesha wake kumsalimia alikupa mkono, kisha akamuuliza baba yangu kama huyu mgeni atakula au anapita. Ulicheka pale sebuleni. Mimi nilikuwa nikianua nguo uani, nikakuona umesimama na baiskeli yako, hupandi wala huondoki. Ulikuwa mtu mzima mwenye watoto, na ulichokitaka ni baba yako akuite jina lako. Niliumia kwa ajili yako, Baba Mdogo.

Kesho yake, baada ya pilau, watoto wote wa nyumba tulitoroka tukaja bandani. Babu akaamka kutoka usingizi wa mchana, akakuta nyumba kimya. Akaambiwa tuliko. Akachukua fimbo yake aje kututoa.

Nakumbuka vizuri. Mzee Sikukuu alikuwa amemaliza siku yake ya kwanza: bata mzinga kaungua, mti wa Krismasi umeanguka, mama mkwe kateleza kwenye ngazi. Akalala. Saa yake ikalia, akaamka, na mambo yakaanza upya kama yalivyokuwa. Watu wakaguna. "Karudisha tena." Tukageuka wote kwa pamoja kutazama mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Babu na fimbo yake.

Mimi nilijificha nyuma ya binamu yangu. Lakini Mama Zubeda, yule mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu aliyekuja na wanawe kula sikukuu yetu, aliinuka kwenye benchi la mbele akampa shikamoo. Akawaambia watu wampishe mzee, mwanawe kamrudishia mkanda kama kila mkubwa anayeingia. Mzambia mmoja akamkaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni." Banda zima likasogea. Babu alikuja na hasira yake kamili, lakini hakuna aliyemwachia nafasi ya kuitoa. Akakaa. Nikamwona anakitazama kisogo chako kwa muda mrefu, wewe umekaa pale chini ya runinga na kipaza sauti, na uso wake umelegea. Alikuwa ameamini kuwa umesimamisha sikukuu ya watu wote kwa ajili yake.

Nawe ulijua kwamba ameamini hivyo. Uliacha hata kumtia mama mkwe maneno, na hiyo haikuwa kawaida yako.

Kisha siku ya pili ikaisha, saa ikalia, Mzee Sikukuu akaamka tena kwenye Krismasi yake. Babu akageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Sasa kaingia nani?" akauliza.

Watu wakacheka, wewe hukucheka. Ungeweza kumdanganya. Ungesema kuna mtu kaingia akatoka, na mzee angerudi Ileje na furaha yake. Ulisimamisha picha, ukaweka kipaza sauti chini.

"Hakuna aliyeingia, Baba. Filamu ndivyo ilivyo, siku inajirudia yenyewe."

"Kwa hiyo hukunirudishia."

"Sikukurudishia. Sikujua kama umekuja. Ningejua, ningerudisha."

Babu aliitazama fimbo yake.

"Basi rudisha sasa, Ambokile," akasema. "Mwanzo sikuuona."

Ukaurudisha mkanda mpaka mwanzo kabisa. Watu waliojaa vile, Krismasi mchana, wakakaa wakisikiliza deki inavyovuma kurudi nyuma, na hakuna aliyenung'unika. Uliinama kwenye mashine zaidi ya ilivyohitajika, ukajifuta uso kwa shati. Halafu ukatafsiri kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hata Babu aliuliza maharage ya mama mkwe yako wapi.

Filamu hiyo ilibishaniwa Tunduma hadi mvua zilipoisha, kwa nini siku ijirudie. Madereva wa malori walisema yule bwana alikuwa amelewa. Kina mama sokoni walisema ni mama mkwe, kamroga. Babu alimwambia mama yangu kwamba jambo ni dogo tu, yule mtu anakimbilia chakula kabla ya kusalimia wakubwa. Tangu hapo alikuwa akija kila Krismasi, na akishuka tu kwenye basi anauliza Ambokile yuko wapi.

Sasa nyote wawili hamko tena. Banda lako ni duka la simu. Nikipita pale huwa nasimama kidogo, nakukumbuka sana, na sioni haya kusema hivyo.

Wanangu waliniuliza, ningepewa siku moja ya kurudia, ningechagua ipi. Walikuwa na uhakika ningetaja Krismasi ile. Nikawaambia hapana, ile ilikwenda sawasawa, haihitaji kuguswa. Ningeomba siku yoyote ya katikati ya wiki, ulipokuwa ukipita nyumbani kunywa chai ukaondoka. Hizo nilizipitisha bila hata kukutazama, nikidhani zitarudi zenyewe.

Msalimie Babu. Najua mnabishana huko, na najua anakuita kwa jina.

Mimi mwanao,
binti wa kaka yako