Majina Yanayoanza na W

Kangari, Alhamisi, likizo ya Agosti

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu: wiki mbili nimejua kwamba programu niliyoiandika inakatwa kabla ya kumaliza kazi. Nilinyamaza kwa sababu karani wa kituo cha kununulia majani chai alikuwa amenisifu mbele ya watu.

Kazi ya programu ni moja tu, kuwatumia wakulima ujumbe lori la kubeba majani likibadilisha saa. Inaendeshwa bure kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, lakini kila inapoitwa kufanya kazi hupewa sekunde kumi, kisha huzimwa. Nami nikapanga majina kwa alfabeti! Huku kwetu! Wambui, Wangari, Wanjiku, karibu nusu ya kituo, wote mkiani, ambako ujumbe haufiki.

Leo lori lilikuja mapema. Cucu, nyanya yangu Wangui, alipanda kilima na kikapu mgongoni akakuta limeshaenda. Majani ya siku nzima yamenyauka. Karani akacheka, "Hawa akina cucu! Ati simu ni ya kuangalia picha za wajukuu tu!"

Cucu akajibu polepole, "Labda sikuangalia vizuri."

Aliangalia. Hilo ndilo linanichoma. Naichukia ile kampuni na sekunde zake, namchukia karani, lakini aliyenyamaza ni...

Nimegawa orodha mafungu ya watu kumi kumi, kila fungu lipate sekunde zake kumi, nikaanza na W. Nimeenda jikoni kwa Cucu nikamwambia ukweli. Kisha nimempigia karani, mimi ninayeogopa hata kujibu swali darasani. Nimemwambia kosa ni langu, na kwamba Cucu hakustahili kuchekwa.