Wali wa Man-sik

Gokseong, Oktoba 1946

Dada yangu mpendwa Sun-im,

Nakusalimu sana. Natumaini u mzima na kikohozi cha shemeji kimepungua. Sisi hatujambo. Kabichi zimevamiwa na wadudu, nao wana afya kutushinda.

Mzee Pyo amefariki, yule bahili aliyekuwa akitufukuza tusiokote matunda yaliyoanguka uani kwake. Kijiji kizima kilimlilia siku tatu, hadi mjane wake akauliza, “Jamani, ni huyuhuyu wangu mnayemlilia?” Si yeye, dada. Tangu Wajapani waondoke, kila nyumba ina mtu waliyemchukua asirudi, asiye na kaburi, basi likitokea jeneza la yeyote tunajazana hapo.

Mimi nilikaa kama gogo. Wanawake wakanitania, “Wee Jeom-rye, machozi umeyafungia kwenye mtungi wa kabichi chachu za kimchi?” Nikasema yamekaushwa na moshi wa jikoni.

Nyumbani, mama mkwe bado anampakulia mume wangu wali kila jioni, kwenye lile bakuli la shaba tulilolifukia Wajapani wasije kuliyeyusha wafanye risasi. Analifunika, analiweka sakafuni penye joto la moto wa jikoni, chini ya blanketi, ili Man-sik akirudi kutoka mgodini asile kiporo. Asubuhi kiporo hicho nakila mimi.

Sasa nikwambie nililolificha. Wakati wa mavuno ya shayiri alinijia kisimani mtu aliyechimba naye makaa ya mawe huko Japani. Alisema mgodi uliporomoka, Man-sik hakutoka. Nilimshukuru, nikajaza ndoo, nikaenda kupika. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo wali ule sisikii ladha yake, wala kitu kingine chochote.

Siku ya tatu ya msiba mama mkwe aliketi ubavuni kwangu, akaninong'oneza, “Mwanangu, yule mtu alianzia kwangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza kisimani, mdomo ulinishinda kukwambia. Lia hapa, hapa hakuna atakayekuuliza.” Kisha akaligeukia jeneza la kikongwe wa miaka themanini, akapaza sauti: “Mwanangu, toka humo!”

Hakuna aliyecheka. Nami nikafungua mdomo. Sauti ilitoka, machozi hayakutoka. Wenzangu wakanijazia kwa yao.

Jioni ile mama mkwe alipakua wali, akaufunika kama kawaida. Asubuhi tuliula pamoja, vijiko viwili, bakuli moja.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Pole usiandike. Nyumbani kwetu Man-sik bado hajafa.

Mdogo wako,
Jeom-rye