Papa, Nilipiga Kura ya Bisi

Papa,

Balinipatia kiti yako mu conseil, mu baraza ya muji. Ni ile ya pili kutoka dirisha, yenye muguu moja iko fupi, yenye ulikuwaka unawekea karatasi chini. Karatasi ingali pale. Siku ya kwanza nilikaa, ikayumba kidogo, bourgmestre, mukubwa ya muji, akasema, "Karibu, mama conseiller," na mi nikageuka nyuma kuangalia anasemesha nani. Batu bakacheka. Mi sikucheka, sikukasirika. Nilifungua kaye yako nikaandika tarehe.

Unakumbuka vile uliniandikisha? Nilikuwa sokoni napima ndagala, ukakuja na fomu ya uchaguzi, jasho mingi, ukasema, "Elisa, sinya hapa. Banataka jina ya suppléant." Nikakuuliza suppléant anafanyaka nini. Ukasema, "Hakuna kitu. Ni kama gurudumu ya akiba, inakaa tu nyuma ya gari." Nikasinya na vidole ya samaki, na ukanigombeza mbele ya bamama yote juu fomu inanuka. Kumbe sheria inasema conseiller akikufa, suppléant njo anaingia. Haya basi. Gurudumu ya akiba iko barabarani, Papa, na hakuna mutu alinifundisha kitu.

Batu banapita nyumbani kuniuliza, "Elisa, unajisikia namna gani?" Sijisikie kitu. Niko kama mutu mwenye muganga ya meno alimuchoma sindano: mudomo iko, lakini hata uifinye, wapi. Naamka, nabeba beseni, nauzisha, narudi, nakula, nalala. Mama analia kwa sisi wawili. Batu ya kanisa banasema niko na moyo ya nguvu. Baseme tu.

Acha nikupatie habari ya muji, juu njo ulipendaka.

Ile mupango ya treni ilikufa mbele hata weye haujakufa, hiyo unajua. Yule bwana ya mupango, mwenye alikuja na kompyuta akatuonyesha treni ndogo nyeupe inapita katikati ya Baraka, madirisha inangaa, hakurudi tena. Hapa kwetu banaelezea mupaka leo vile ulisimama mu conseil ukauliza, "Na itapita wapi, mu mihogo ya bibi yangu?" Bourgmestre mwenyewe alishika tumbo. Basi kutoka treni tulishuka, tukashuka, tukafika ku bisi. Zile mbili zingali zinatembea kutoka port mupaka soko. Na sasa mupango ni zivuke mto, zifike kwetu Ng'ambo, mupaka kule mwisho kwa Barundi benye banalima. Barabara ipanuliwe, iwekwe mawe, ichimbiwe mitaro.

Bamotard, bale ya pikipiki, banakataa. Nabaelewa. Ile course ya kubeba batu ya Ng'ambo njo inalisha batoto yabo. Na weye ulikuwa mutu yabo, ulibeba batu na magunia mu njia ya Misisi na ya Lulimba mupaka mugongo ikapinda, na balikuchagua juu hiyo. Ile siku ya kampeni ulipanda juu ya pikipiki ya Sadiki, jirani yetu, ukasimama ku kiti na viatu yako, ukapaza sauti: "Bisi haitavuka mto nikiwa muzima!" Bakapiga mahoni mupaka mbuzi za jirani zikakata kamba.

Nikiwa muzima. Njo ulisema vile. Wakati balinizunguka na maneno ya kiapo yako, nilitaka kubaambia kama Papa haiko muzima tena, basi kiapo imeisha. Sikusema. Lakini niliifikiria, na haikuniuma, na hiyo njo iliniogopesha.

Tuko saba mu conseil. Batatu balitaka bisi, batatu balikataa. Nilibakia mi. Prezida ya bamotard alikuja nyumbani, akakaa, akakunywa maji, akasema tu, "Mutoto ya mutu ya barabara hasahau barabara." Mama naye alikuwa anaosha masahani pale nyuma, akasema bila kugeuka, "Baba yako aliapa. We ni nani utangue neno ya marehemu?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Niliitika kwa kila mutu, Papa. Kwa bale ya bisi niliitika, kwa bale ya pikipiki niliitika. Ilikuwa sawa tu.

Sasa nifike ku ile siku. Sijaiandika mahali.

Ulianguka mu parcelle yetu, pale inje ya nyumba, mangaribi haijafika, mvua inaanza. Mudomo ilipinda, mukono ya kushoto ikakataa. Mama akapiga kelele, Sadiki akatoka kwake mbio, ameacha chakula ku meza na batoto yake. Tukakupandisha vile tunabebaka bagonjwa yote ya Ng'ambo: Sadiki mbele, weye katikati, mi nyuma nikikuzungusha mikono, kifua yangu ku mugongo yako. Ile matope, Papa. Pikipiki inateleza, Sadiki anateremusha miguu, anapandisha miguu. Nikaona mugongo yako inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Tulifika ku daraja, nikasikia haipande tena.

Sikusema kitu.

Nilijua nikisema, Sadiki atasimama. Motard gani atabeba maiti akijua? Ataniacha na weye ku mvua pale, niite nani? Ao atalia, na tutaanguka yote tatu mu mto. Nikakaza mikono. Nilikushika wima kama mutu muzima mupaka ku mulango ya hospitali, na wakati muganga aliniuliza, "Imekuwa saa ngapi?" nikajibu, "Sasa hivi tu. Hapa mulangoni." Njo uongo ilianzia pale. Mama akaibeba, baba mukubwa akaibeba, pasta akaisema ku mazishi: alifika akiwa anapumua. Na ilibafariji. Ningeinyanganya namna gani?

Siku ya kura bamotard balijaa mupaka ku madirisha. Prezida yabo alipewa neno. Alisema muzuri, mi nakuambia ukweli. Alisema bisi haingojake mutu, bisi haiingie mu parcelle ya mutu, haijue jina ya mugonjwa. Kisha akanionyesha na kidole. "Huyu mama conseiller ni shahidi. Ile siku mzee alianguka, kulikuwa na bisi? Pikipiki njo ilimufikisha hospitali akiwa muzima. Sadiki, simama. Simama useme. Ulimufikisha muzima ao hapana?"

Sadiki akasimama. Kofia mu mikono, anaizungusha. Tangu ulikufa anapitaka kila siku ya Mungu kuamkia Mama, anakata kuni, ananiita yaya kama dada yake mukubwa, hasemake mingi. Akaangalia chini, akaniangalia, akasema, "Mi niliendesha tu. Mwenye alikuwa anamushika ni yaya Elisa. Mumuulize yeye."

Salle nzima ya conseil ikanigeukia.

Nikasema, "Alikufa ku njia. Ku daraja. Nilimushika vile vile mupaka mwisho." Sauti ilitoka sawa, kama naambia mutu bei ya ndagala. Mutu akasema "Yesu!" pale nyuma. Sekretere akainua uso, akauliza pole pole, "Mama, niandike?" Nikasema, "Andika."

Kisha bakaita kura. Bisi ivuke mto: batatu bakainua mukono, na mi ya ine.

Papa, usifikiri nilikuwa na hesabu kubwa mu kichwa. Bisi ingekuponya? Sijue. Muganga alisema ile damu ilipasuka mu kichwa, na hata ndege ya prezida ya inchi haingesaidia. Pengine ungekufa mu bisi. Lakini ungekufa umelala ku kiti, kichwa yako mu mapaja yangu, na mi ningekuangalia uso. Ulikufa nikiangalia shingo yako na kola ya shati. Mutu asikufe akiangaliwa shingo. Njo sababu yangu, yote. Sikuieleza mu conseil, hakuna mutu aliniuliza.

Tangu pale bamotard habanibebe tena. Naenda sokoni na miguu, beseni ku kichwa, banapita bananipigia honi na kugeuza uso. Moja alinisemea, "Umemuzika baba yako mara ya pili." Nikamujibu, "Ya kwanza ulinisaidia kubeba sanduku?" Akawasha pikipiki akaenda, juu hakuja. Ungependa hiyo.

Mama njo nilimuogopa. Habari ilifika mbele yangu. Nilimukuta amekaa chini mu kivuli ya nyumba, miguu amenyoosha. Nikangoja matusi. Akaniuliza tu, "Ku daraja?" Nikasema ndiyo. Akakunja miguu. Kisha akasema, "Basi tulimuita mahali haiko."

Nilikuwa nimesahau, Papa. Kesho ya ile siku ulikufa, baba mukubwa alienda ku mulango ya hospitali na tawi ya muti mu mukono, akaita jina yako, akakuambia twende nyumbani, akarudi na ile tawi mupaka ku kitanda yako bila kusemesha mutu njiani. Vile banafanyaka kwetu, juu mutu asibakie mahali pumzi ilimutoka. Mi nilikuwa pale. Nilimuangalia anaita mulango, na nikanyamaza. Hiyo pia niliifanya.

Mama akafunga kitenge. "Kesho asubui tunaenda."

Tulienda sisi wawili, jua ingali pole. Nikasimama katikati ya daraja, nikasema, "Mama, ni hapa." Akavunja tawi yake, akataka kufungua mudomo. Mara tukasikia pikipiki. Ni Sadiki. Akasimama, akaiegemeza, akaamkia Mama na mikono mibili. Akaniambia, "Yaya, unisamehe. Hapa hapana."

Akatembea kurudia nyuma, upande ya kwetu, akateremuka, akapita mama moja mwenye kuuzisha makaa, akafika mahali njia inapanda mu muchanga. Akasimama. "Ni hapa. Kichwa yake ilikuja ku bega yangu, haikuinuka tena. Nilijua. Lakini nikafikiri, nikisimama, wewe utafanya nini mu ile mvua? Nikasema mu roho, acha yaya asijue, nimufikishe mzee tu." Akafuta uso na kofia. "Kule kupanda kwa mugongo kwenye ulisikia, ilikuwa ni pikipiki, yaya. Ni ile mashimo."

Yeye alinificha, mi nikamuficha. Tulibeba mutu moja wawili, kila mutu anachunga mwenzake.

Papa, kuna neno sikumuambia mutu, hata Mama. Kutoka ile muchanga mupaka ku daraja ulikuwa muzito sana. Ulikuwa unaniangukia, mara kushoto, mara kulia, na mikono yangu ilikuwa imechoka, na nilikukasirikia. Nilikugombeza mu sikio. Nilisema, "Jikaze kidogo, Papa! Unaniachia uzito yote namna hii, mi ni punda?" Njo neno ya mwisho nilikuambia. Miezi hii yote nalala nayo, naamka nayo, nakaa nayo ku kiti yako pale mu conseil. Sikukuambia kama nakupenda siku ile. Nilikuuliza kama mi ni punda.

Na haukuisikia. Ulikuwa umebakia ku muchanga. Nilikuwa nagombeza mutu mwenye haiko.

Mama akaita jina yako. Akaita jina ya nyumbani, ile yenye bibi alikupatia, si ile ya karatasi. Kisha akaongeza, "Baba Elisa, twende. Hapa ni njia tu." Mama ya makaa alisimama, akavua kitambaa ku kichwa. Kisha Mama akanipatia tawi. "Ita na we."

Nikaita. Sauti haikutoka sawa tena. Na mikono ikaanza kuniuma, Papa. Yote mibili, kutoka mabega mupaka ku vidole, vile ingeniuma ile siku. Nilishindwa kushika hata ile tawi. Sadiki akataka kunisaidia, Mama akamukataza. Nikaipeleka mupaka nyumbani na kifua, sikusemesha mutu, nikaiweka ku kitanda yako. Ingali inauma sasa nikikuandikia, ndiyo maana herufi zinapinda.

Sasa lala. Kiti nitaikalia mupaka mandat, ule muda balikuchagulia, iishe, na ile barabara nitaisimamia mwenyewe, shimo kwa shimo, na bamotard nitabatafutia nafasi ku arrêt, pale bisi zitasimamaka, hata bakinitukana. Sitasema tena kama ulifika muzima. Na Mama, siku yake ikifika, iwe mu bisi ao mu matope, nitamugeuza, nitamuangalia uso. Hiyo nakuahidi.

Mutoto yako,
Elisa